Aliyekata Minazi

Jumapili, 7 Februari 2016

Gari limeoshwa kabla ya saa kumi na mbili. Vumbi la Mirdif hii ya Dubai halina adabu, ukigeuka tu limerudi. Watoto shuleni. Madam kazini. Kisha Bi Zuwena, mamake sir, bosi wangu, kliniki ya magoti kule Al Twar. Njia nzima ni mashamba yao ya karafuu waliyoyaacha Unguja alipokuwa mwari. Miti mia ngapi, safu ngapi, nani alikuwa anachuma. Leo kaongeza na kisima. Mimi naitikia tu, "Naam, Bi Zuwena," macho barabarani.

Saa nne Athumani kaandika. Mdogo wangu huyu hanitafuti ila pana shida. Watu wa ardhi wamefika kwetu. Kila nyumba itaandikiwa shamba lake na kupewa hati. Kamati ya wazee itakaa Alhamisi ya tarehe 18, uwanja wa shule, iulize kila mmoja: nani alifyeka pale, nani alipanda. Mama ameitwa.

Nimesoma mara mbili.

Jumanne, 9 Februari

Niandike sawasawa, maana kichwani inazunguka tu.

Kaunti yetu ni ndogo. Hata Wakenya wenzangu pale mtaa wa Al Muraqqabat wakiniuliza kwetu wapi, nikitaja, husema "aah, huko," basi. Pamba ilikuja ikafa. Kiwanda cha korosho kikafungwa. Tulipopata gavana wetu watu walicheza ngoma kutwa, na kesho yake vijana wakarudi kwenye foleni ya pasipoti. Kaunti ya wakulima, na wakulima wenyewe wako Ghuba wanaosha magari.

Babu yangu alikuja pale na jembe moja. Mgeni. Akapokewa na babu yake Mwalimu Mbwana, jirani yetu. Kwetu mgeni hupewa mahali alime mahindi na muhogo. Mti hapandi. Mti ni wa mwenye ardhi. Babu alilima hivyo miaka mingi bila kunung'unika. Ikaja njaa ya nzige, watu wakachimba mizizi, na babu akagawa alichokuwa nacho ghalani mpaka likabaki tupu. Njaa ilipokwisha, mwenyeji wake akamwita mbele ya watu akamwambia, sasa panda. Akapanda minazi. Tangu siku ile hatukuwa wageni tena. Karatasi hatukuandikiana. Karatasi ilikuwa minazi.

Arobaini na mmoja. Safu nne, kati ya nyumba na barabara. Leo haupo hata mmoja.

Niliikata mimi. Mwaka 2012 nilituma ramani ya nyumba kutoka hapa hapa. Vyumba vinne, baraza, bati la rangi. Nilitaka ionekane na kila apitaye barabarani, na minazi ilikuwa inaziba. Nikamwambia Athumani akate. Mama akakataa. Nikampigia, nikamfokea mama yangu mzazi, nikamwambia ushamba umemjaa kichwani. Siku ya msumeno alijifungia chumbani. Visiki vikang'olewa, mashimo yakafukiwa, nikatumiwa picha. Nikaenda nazo Al Muraqqabat kuwaonyesha watu wa kwetu. Wakanisifu. Mjinga mkubwa mimi.

Ijumaa, 12 Februari

Mapumziko. Sikutoka.

Mwalimu Mbwana ametoa kijitabu cha historia ya kaunti. Athumani kanipigia picha ukurasa wa kijiji chetu. "Wenyeji ni ukoo wa Mbwana. Baadaye walikaribisha wageni wakulima." Basi. Babu yangu aliyelisha kijiji ni "wageni wakulima". Hata jina hakupewa.

Na si kijitabu tu. Mwalimu yumo kwenye kamati. Anasema nyumba yetu haina neno, ni yetu, lakini ardhi ni ya ukoo wake, na ukitaka kujua angalia kama kuna mti. Ekari sita. Mama abaki na kuta.

Mwalimu huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Kila Jumatatu nilikuwa nampelekea madafu. Ya minazi gani, Mwalimu? Ulikunywa ya nani?

Jumapili, 14 Februari

Kuna njia. Mzee mmoja wa kamati, mtu wa haki, kamwita Athumani pembeni. Minazi kila mtu anaikumbuka, kasema, hilo halibishaniwi. Swali litakuwa nani alikata. Mwenye miti akiikata yote kwa hiari yake, amejitoa mwenyewe kwenye ardhi. Ndiyo desturi. Lakini akikatiwa na mtu mwingine naye amekataa, hiyo ni hasara tu, haki yake iko pale pale. Na tangu baba afe, miti ilikuwa ya mama.

Kwa hiyo wanataka neno langu. Athumani alishika msumeno, akisema yeye watasema anajiosha. Niseme mimi niliyeamuru. Ujumbe wa sauti unatosha, utasikilizwa mbele ya kamati.

Neno dogo. Uwanja mzima utasikia kwamba Hamisi wa Dubai alimfokea mama yake na kumkatia minazi. Na watasikia vizuri kweli, kwa kipaza sauti nilichowapelekea mimi mwenyewe likizo iliyopita.

Nimeomba ruhusa niende. Sir kasema Bi Zuwena anapasuliwa goti mwezi ujao, nani atampeleka? Mwezi wa nne, inshallah. Pasipoti anayo yeye. Khalas, yamekwisha.

Jumatano, 17 Februari

Nimerekodi mara nne, ndani ya gari, nje ya shule ya watoto. Ya kwanza nilisema "tulikata". Ya pili nikasema "ilikatwa". Ya tatu nikamtupia Athumani mzigo wote, nikaifuta haraka. Ya nne ndiyo. Mimi Hamisi nilimwamuru mdogo wangu akate. Mama alikataa. Nikamfokea. Nimeisikiliza. Sauti ni yangu kabisa.

Sijatuma. Nitatuma asubuhi.

Alhamisi, 18 Februari

Kamati ilianza saa tatu kwao, saa nne kwetu. Saa nne nilikuwa maegesho ya kliniki, Bi Zuwena yuko ndani kwa daktari. Simu mkononi. Athumani anaandika. Tuma. Tuma sasa. Kaka, nyumba iliyo mbele yetu inamaliza. Kaka, mama anaitwa.

Nikaweka kidole. Nikakitoa. Nikamwona kichwani Mwalimu Mbwana ananisikiliza, na wale wote niliosoma nao, na watu wa Al Muraqqabat watakavyohadithiwa kabla ya jioni.

Bi Zuwena akatoka na fimbo yake, anataka tupitie duka la vitambaa. Nikamfungulia mlango. Nikamfunga mkanda. Nikazima simu.

Hapa hasomi mtu, niseme ukweli. Muda ulikuwepo. Robo saa nzima. Sikutaka tu.

Ijumaa, 19 Februari

Athumani kapiga. Alikuwa analia, si kwa huzuni, kwa hasira.

Mama aliulizwa nani alikata minazi. Akasema, "Mimi." Yule mzee wa haki akajaribu kumsaidia, akamuuliza tena polepole, "Mama Hamisi, hakuna mwanao aliyekuamulia?" Mama akasema, "Mwanangu yuko mbali, hajui lolote. Nilitaka mwanga ndani ya nyumba. Nilikata mimi." Mwalimu Mbwana akainamia karatasi zake. Ikaandikwa.

Nyumba ni yetu, na uwanja mpaka pale mama anapofagia. Shamba lote limerudi kwa ukoo wa Mbwana.

Nikasema labda hakuelewa swali. Athumani akanikatiza. Alielewa. Athumani mwenyewe alimweleza Jumatano, hatua kwa hatua, akamwambia ukisema ni Hamisi tumepona. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na yeye mwenyewe kasemaje?" Athumani akamwambia atatuma asubuhi.

Basi alinisubiri. Alisimama pale uwanjani akijua sijatuma, akanifunika mbele ya watu wote. Mimi wa kufokea, yeye wa kunisitiri. Najichukia, wallahi. Nimekaa chumbani hapa karibu na geti, wali umepoa, najichukia.

Jumanne, 23 Februari

Leo nimemtumia Athumani ule ujumbe. Sijui nilitaka nini. Amejibu kwa mstari mmoja: "Kamsikilizishe Bi Zuwena wako."

Inaruhusiwa kupinga uamuzi. Athumani kamwomba mama apinge. Kakataa kata kata. Hatarudi uwanjani, kasema, kuwaambia watu kwamba siku ile alidanganya ili mwanawe asiaibike. Na mpingaji lazima awe yeye. Mimi siulizwi tena.

Leo tena karafuu, safari nzima. Bi Zuwena kasema waliompokonya hawatasamehewa. Nikaongeza kiyoyozi. Kaniuliza mbona siku hizi sisemi. Nikamwambia kichwa. Kanipa panadol mbili kutoka kwenye mkoba, nimezimeza bila maji.

Ijumaa, 4 Machi

Nimekwenda Al Muraqqabat kunyoa. Kinyozi ni wa kwetu, habari imemfikia. Kanisifu. Kasema, "Una mama jasiri, kasimama peke yake akasema kosa lake. Na wewe umemjengea nyumba nzuri. Mungu akulipe." Wenzake wakaitikia amina. Nami nikaitikia amina. Nimetoka pale nusu ya kichwa haijanyolewa vizuri.

Jumatano, 9 Machi

Mvua. Mirdif yote maji. Watoto nimewachukua mapema, magari mawili yamezimika mbele ya msikiti, watu wamekunja suruali.

Mama kapiga mchana. Mara ya kwanza tangu siku ile. Kauliza kama nimekula. Kauliza mvua ya huku ikoje, ina radi? Kasema kwao bado, mawingu tu, ila mwezi huu haitapita.

Kisha kasema amekwenda kwa Mwalimu kuomba mahali. Kampa kule chini, karibu na bonde. Alime mahindi na muhogo. "Pana rutuba, mwanangu. Athumani ameshaanza kufyeka."

Nilitaka kusema. Nilisema, "Haya, Mama." Akaniombea dua, ile ndefu, nikasubiri mpaka akamaliza.

Maji yameingia chumbani. Nimepandisha godoro juu ya meza, nimechukua ufagio, nayasukuma nje.