Stiki ya Githae

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mteja wa leo ametoka Kahawa Sukari. Anataka stiki ya pool yenye jina lake kwa rangi ya dhahabu, na anaitaka Jumapili. Jumapili hii! Nikamwonyesha zilizoning'inia humu karakana, kila moja na kikaratasi chake cha tarehe. Nakereza kidogo, natundika wiki tatu mti utulie, nakereza tena. Miezi minane. Akauliza kwa nini nisizikaushe kwa ovena. Ovena! Kwani ni mkate? Nikamwambia aende supermarket. Mke wangu Mwongeli amenuna, ati nafukuza wateja. Si wateja hawa, ni watu wenye haraka.

Jumanne, 4 Novemba

Klabu ya Juja. Githae, dereva wa tipa niliyemchongea stiki, ananiambia mbele ya watu, "Fundi, hii stick inadance." Ati ameibingirisha mezani ikaruka. Mbele ya watu! Nikatoa pima maji kwa mfuko, nikaiweka juu ya meza yao. Kiputo kikakimbilia upande mmoja. Nikawaambia meza yao ndiyo imelewa. Walicheka mpaka Githae akainua mikono, akaomba msamaha, akaninunulia soda. Ilikuwa tamu hiyo soda! Watu hawawezi kutofautisha mbao ngumu ya mukau na mguu wa kiti, halafu wanamfundisha fundi.

Alhamisi, 6 Novemba

Githae ameleta stiki nibadilishe ngozi ya ncha. Jumamosi ana fainali Ruiru — mshindi anaingia timu ya kaunti. Ana miaka arobaini na moja na ameshindwa kwa fainali hiyo mara mbili. Nimebadilisha. Halafu, kwa kiburi tu, nikaibingirisha kwenye kioo changu bapa cha kupimia.

Imeruka.

Nikapangusa kioo, nikarudia. Ncha inapanda, inashuka, unene wa kucha. Nimetafuta kikaratasi chake kwa droo. Imekerezwa tarehe 11 Agosti, ikakerezwa tena tarehe 14. Siku tatu! Ni ile wiki ya mazishi ya mjomba kule Kitui, nilitaka nimalize niende. Mimi, wa wiki tatu! Yule wa ovena angalau aliuliza kwanza.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempa Githae stiki nyingine, iliyonyooka. Amekataa. "Ya nini sasa? Si ulinishow ni meza? Mkono umezoea hii." Nikafungua mdomo nimwambie. Akanitangulia: amewatangazia wachezaji wote wa mtaani kwao Murera kwamba fundi wa stiki ni mmoja tu, na mjinga alikuwa yeye kumshuku. Akauliza kama iko tayari.

"Iko sawa," nikasema.

Maneno mawili tu. Mwongeli alikuwa mlangoni, ameyasikia. Jana usiku nilimweleza kila kitu, kwa hivyo anajua. Alinitazama tu akaenda jikoni. Hata angenitukana ningeshukuru.

Jumamosi, 8 Novemba

Ruiru. Naandika nyuma ya klabu, ni mapumziko. Mbili kwa mbili, imebaki fremu moja. Githae amekosa mipira miwili ambayo hata mimi ningeingiza. Meza ni mpya na imekaa sawasawa. Nilikuwa naomba Mungu iwe imepinda — fundi mzima, naombea meza ya watu ipinde!

Ile stiki nzuri iko kwa gari. Hatua ishirini, labda.

Ametoka sasa hivi, ameketi kando yangu. Anaangalia viganja vyake, anavifungua na kuvifunga. "Fundi, wacha nikuambie ukweli. Si meza, si stick. Ni hii mikono yangu imezeeka." Anauliza kama naona aache mchezo leo, hata asirudi kumaliza. Ati mimi namjua, nimwambie bila kumwonea haya.

Huko ndani wanaita jina lake. Hajainuka. Anangoja jibu langu, na mimi nimeinamia daftari, naandika.