Madoa Matatu Mekundu kwenye Msitu wa Papa

Panda, Likasi
Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Éphraïm,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za Liège, habari za masomo, na kile kikohozi ulichonilalamikia mwezi wa tatu? Natumaini kimekuacha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, vumbi la kiangazi limeanza, na umeme unakuja na kuondoka kama ulivyouacha. Ya mwili ni hayo. Ya moyo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu nikikuandikia mistari kumi unanijibu kwa kidole gumba. Kurasa hizi nitazipiga picha na kukutumia. Zisome zote, tafadhali, hata ukikasirika, maana mimi nimeshakasirika kabla yako.

Tarehe 26 Mei watu wa mradi wa misitu walimwita baba yetu, Papa, ofisini kwao mjini, yeye akiwa mwenyekiti wa kamati ya msitu. Walimtandikia mezani picha kubwa iliyopigwa na setilaiti: msitu wetu wa njia ya Mulungwishi, wote kijani, na ndani yake madoa matatu mekundu. Wakamweleza kwamba nyekundu maana yake miti imekatwa, hekta thelathini na moja kwa mwaka mmoja. Chini ya karatasi kulikuwa na jina la aliyeichora. Papa alivaa miwani, akalisoma, akaivua. Lilikuwa jina lako.

Éphraïm, una namba ya Papa. Una namba yangu, mimi mwandishi wa kamati ya msitu kwa mwaka wa sita sasa. Una hata namba ya Fidèle, mlinzi wa msitu, anayepanda kichuguu kutafuta mtandao ili akutakie siku njema ya kuzaliwa. Kati yetu watatu hukumuuliza hata mmoja.

Sasa Papa amesimamishwa uenyekiti mpaka mkutano wa tarehe 28 Juni. Siku hiyo kijiji kizima kitakaa kuamua kama Papa Banza, aliyewakataza wote shoka, aliuza miti kwa wachoma makaa kisirisiri. Kanisani hajaenda Jumapili mbili. Jirani yetu Jeancy, ambaye mdomo wake haujui likizo, alimpigia kelele mbele ya watu bombani: “Papa Banza! Leo unapikisha makala gunia ngapi? Angalia juu, mutoto yako iko anakuona!” Watu wakacheka. Papa naye akacheka pamoja nao, na kicheko chake ndicho kilichoniuma kuliko cha Jeancy.

Unanijua, siwezi kugombana bila kuhakikisha. Juzi Jumamosi nilipanda taxi-bus mpaka njia panda, nikaingia msituni kwa miguu pamoja na Fidèle, simu mkononi, namba za mahali nimezinakili kutoka kwenye karatasi yako. Nakupa haki yako: namba zilitupeleka pale pale.

Doa la kwanza: miti yote imesimama. Matawi matupu, magome mazima. Nilitembea hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, sikuona kisiki. Doa la pili hivyo hivyo, na chini ya miti tulikanyaga mavi ya bishimu, viwavi wetu wa kula, yaliyokauka, punje nyeusi kama za mtama. Fidèle alisimama, mikono kiunoni, akatazama angani.

“Dada Marceline, ile mashine ya kule juu haijue bishimu?”

“Mashine haijue, sawa. Éphraïm anabajua.”

“Anabajua sana! Alikuwa anakulaka bya kwake na bya kwangu.”

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari langu la siku. Nakunakilia kama nilivyoandika. Tarehe 12 Aprili: bishimu wa kwanza wameonekana upande wa kilima. Tarehe 27 Aprili: Papa amefungua msitu, wanawake wameingia na ndoo, shoka zimebaki nyumbani kama kawaida. Tarehe 6 Mei: matawi yamebaki matupu, jua linafika chini, sijawahi kuona mwaka wa bishimu wengi hivi. Na picha yako, mdogo wangu, ilipigwa lini? Tarehe 11 Mei. Ukailinganisha na ya Mei mwaka jana, mwaka ambao bishimu hawakujaza hata sahani moja. Setilaiti haikusema uongo, majani hayakuwepo kweli. Wewe ndiye uliyeandika kwamba miti haipo.

Kinachonimaliza nguvu ni hiki. Tantine Suzanne alipokuja kututembelea kutoka huko kwenu tulimpa kifurushi chako, akaruka nacho tarehe 18 Mei. Bishimu waliokaushwa, kilo mbili, Mama aliwachagua kwa mkono mmoja mmoja. Ulituma picha ya sufuria na kuandika kwamba mwaka huu wamenona. Walinona kwa kula nini, Éphraïm? Ulikula wiki nzima huku umeketi mbele ya picha ile, wala hukujiuliza.

Na sheria ya Papa unaijua tangu utoto: mti hauangushwi kwa ajili ya bishimu, unasubiri washuke wenyewe. Kwingine wanaangusha, ndiyo maana wanakuja kununua kwetu.

Limebaki doa la tatu, lile dogo karibu na kijito. Hapo sina maneno ya kukulaumu. Nilihesabu visiki arobaini na tatu, na si vya miti mikavu. Nikamuuliza Fidèle ni nani aliyekata. Akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. “Uliza Papa,” akasema.

Nikamuuliza Papa. Mwezi wa kumi na moja wazee wa kanisa la kijijini walimwomba kuni za kuchomea matofali ya kanisa jipya. Aliwaruhusu miti mikavu. Wakakata na mibichi. Aliona, akanyamaza, kwa sababu ni nyumba ya Mungu, na kwa sababu anayewaongoza ni mkwe wake. Kwenye kamati hakusema neno, na daftari langu la vikao, ambalo najivunia mbele ya kila mtu, halina mstari hata mmoja kuhusu jambo hilo. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Kisha nikaomba msamaha. Kisha nikayasema tena.

Barua hii niliiandika kwanza jana, kwa namna nyingine. Nilikuomba ufute madoa yote matatu, useme kompyuta imekosea, tumalize. Papa aliomba kuisoma. Akachukua kalamu yangu, akapiga mstari.

“Ile ya tatu asifute. Bakinitoa kwa kiti juu ya ile, iko haki. Juu ya bishimu, miye sikubali.”

Basi ninachokuomba ni hiki. Kabla ya tarehe 20 uwaandikie watu wa mradi kwamba madoa mawili ni majani yaliyoliwa na viwavi, kwamba picha ya mwezi wa kumi itaonyesha majani mapya, na kwamba la tatu ni miti iliyokatwa kweli. Weka ukubwa wake halisi, usipunguze wala usiongeze, na jina lako chini, kama kwenye ile ya kwanza. Nitumie nakala. Papa atasimama mwenyewe mkutanoni kueleza habari ya matofali. Wanaweza kumwondoa. Anajua.

Kisha mpigie simu. Usimwandikie, mpigie. Siku hizi anakula simu ikiwa kando ya sahani, na akiulizwa anasema anaangalia saa.

Msalimie Tantine Suzanne, Elie na mkewe Arielle. Mama anawabusu wote. Fidèle anakusalimu na anasema njoo uone mwenyewe kwa miguu. Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe kumaliza masomo vizuri, na akurudishe kwetu mzima.

Nilimuuliza Papa kama ana salamu za kukupa. Aliitazama simu iliyo kando ya sahani. Kisha akasema: “Mwambie kazi yake iko muzuri. Arudilie kupima.”

Ni mimi dada yako, nimekasirika, nakupenda,

Marceline