Transista Nene kwenye Msiba wa Nyarko

Boakye, nimeaibika. Nimejificha nyuma ya majiko hapa msibani, sitoki.

Ile amplifaya niliyoiunda kwa ajili ya msiba wa Nyarko imeungua. Mjane kashika maiki amuage mumewe, katamka "Mume wangu" tu, mara kimya. Halafu moshi!

Unamkumbuka Serwaa, yule binti fundi redio wa Suame? Juzi aliniona nachomea kwenye amplifaya hiyo transista nilizong'oa kwenye mashine ya kuchomelea vyuma. "Mjomba, hizo nene ni nzito kuwaka na kuzima, na humu zinatakiwa ziwake na kuzima mara laki tatu kwa sekunde. Zitachemka. Chukua hizi ndogo, nyepesi."

Nikamcheka mbele ya watu. "Binti, mihogo ya gunia hubebwa na lori, si baiskeli!" Lori, Boakye. Ndivyo nilivyosema.

Leo kaleta amplifaya yake, ndogo kama mkebe wa biskuti. Kaunga nyaya bila kunitazama. Mjane akaanza upya, akasikika mpaka barabarani.

Nikangoja matusi. Serwaa akachukua maiki: "Tumshukuru Mjomba Agyeman, fundi wetu wa sauti leo."

Wakanipigia makofi. Nami nikainua mkono, nikayapokea.