Mume Wangu Mstaafu Ameiteka Krismasi ya Wanawake

Shangazi Breda mpendwa,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya kanisa, karatasi juu ya goti, kwa sababu nikiandika nyumbani mume wangu ataniuliza naandika nini, kisha ataniuliza kama nahitaji bahasha, kisha atanieleza kwamba bahasha amezihamishia droo nyingine kwa mpango mpya. Nimechagua gazeti lenu la Galway makusudi, maana yeye hajawahi kununua gazeti la nje ya mkoa wetu wa Cork, anaamini huko nje hakuna habari. Hata hivyo naomba ubadilishe majina. Nimekasirika, Shangazi. Nimekasirika tangu Januari na sasa ni Desemba, na kwa umri wangu wa miaka sitini na tisa nilidhani hasira za namna hii nilishaachana nazo.

Mume wangu, tumwite Fachtna, alikuwa meneja wa kiwanda cha maziwa kwa miaka thelathini na saba, akastaafu Mei ya mwaka jana. Miezi ya kwanza nilimhurumia mno, maana kila asubuhi alinyoa ndevu, akafunga tai, akaendesha gari hadi ng'ambo ya lango la kiwanda, akakaa humo ndani kutazama malori ya maziwa yakiingia na kutoka, halafu akarudi nyumbani mchana. Ndipo siku moja akaligundua jiko. Akapanga viungo vyangu kwa herufi, akabandika ratiba mlangoni mwa friji, akaniambia mimi, niliyelea watoto watano kwenye jiko lile lile, kwamba napoteza maji ninapochemsha viazi. Nilinyamaza, nikajisemea moyoni afadhali huku kuliko kule langoni.

Sasa Shangazi, wewe unajua tarehe sita Januari ni siku ya nani. Tangu tarehe nane Desemba mwanamke yuko mbio, ananunua, anaoka, anachemsha pudini, anamjaza bata bukini viungo tumboni, anawatandikia vitanda wanaorudi kutoka London na Boston, halafu siku ya pili ya Krismasi, ya Mtakatifu Stefano, anaanza upya na mabaki, na hiyo siku moja, Krismasi ya Wanawake, anavaa koti anatoka na kuwaachia wanaume masufuria. Sisi tuko sita. Kwa miaka arobaini na moja tumekaa chumba cha nyuma cha hoteli ya mjini petu, chai, keki, kisha mvinyo wa sheri, na mlango umefungwa. Humo ndimo Hannah alimotuambia habari za mtoto aliyemzaa akiwa msichana wa miaka kumi na saba, akanyang'anywa. Humo ndimo mimi nilimokiri kwamba mwanangu wa tatu sikumpenda mpaka alipotimiza mwaka. Hakuna aliyeshtuka, na hakuna lililotoka nje.

Januari hii hoteli ilifungwa kwa ukarabati, Fachtna akasikia nikilalamika kwenye simu, akadakia, "Acha wewe! Waje hapa hapa. Nitawapikia mimi, nyie mkae tu kama malkia." Na mimi, mjinga wa mwisho, nikafurahi kwa ajili yake, nikakubali.

Alipika, simnyimi haki yake, nyama ilikuwa laini. Lakini hakutoka, Shangazi! Nilidhani ataweka sahani mezani aende zake kwa jirani kama mtu mwenye akili. Alivuta kiti akakaa kichwani mwa meza, na aproni yake, akasema, "Haya akina mama, nani hajapata mchuzi?" Akatusimulia jinsi siagi ilivyopimwa zamani. Akatuuliza tunamwonaje padri mpya. Na wenzangu, badala ya kumtazama kwa jicho la kumtoa, wakawa wanamshangilia. "Dympna mwenzangu, umebahatika," akasema Nonie, "wangu hata yai hajui linachemkaje!" Fachtna akacheka mpaka masikio yakawa mekundu.

Pembeni alikaa wifi yangu Kit, mmoja wa sisi sita na mdogo wake Fachtna, ana miaka sitini na minne na hakuolewa. Hakuvua koti. Mkoba ulikuwa mapajani na ameushika kwa mikono miwili. Mara tatu aliniinamia akaanza, "Unajua, Dympna...," na mara tatu kaka yake akatokea na buli, "Kit, nikuongezee?" Akaaga kabla ya keki kukatwa, akasema kichwa kinamuuma.

Walipoondoka wote, mpishi wetu alijitupa kwenye kiti karibu na moto, akainua miguu, akaanza kunirudishia sifa zake moja moja nisije nikasahau hata moja. Nikaingia jikoni. Masufuria kumi na moja! Mengine sijui hata alipikia nini, kwa sababu tulikula vitu vinne tu. Nikafunga aproni, tarehe sita Januari, nikaosha. Akapaza sauti kutoka kwenye kiti, "Yaache yaloweke mama, kesho tutayaosha." Tutayaosha! Yeye na nani?

Hayo yote ningeyasahau. Lakini Pasaka nilimpelekea Kit mikate, akafungua mlango amejifunga kitambaa kichwani, nywele hana. Uvimbe kwenye titi, saratani. Barua ya hospitali aliipata tarehe nne Januari, siku mbili kabla ya kuja kwangu, na ilikuwa ndani ya ule mkoba. Alikuwa amekuja kutuambia. "Sasa ningesemaje titi mbele ya kaka yangu," akaniambia, "naye amenisimamia na buli?" Alikuwa ameshapasuliwa mara moja, na tangu wakati ule alikuwa akipanda basi kwenda mjini Cork kutibiwa, peke yake, sijui mara ngapi. Nilipolia akanikemea. Akaniapisha nisimwambie Fachtna, na mbele ya watu huvaa nywele za bandia. "Akijua tu, mimi ndiye nitakayekuwa kiwanda chake. Atanichorea jedwali la vidonge, atampigia daktari simu. Nitakufa kwa kusimamiwa."

Na sasa wamemwambia atafanyiwa upasuaji wa pili tarehe tisa Januari. Ameniomba kitu kimoja, Shangazi, na Kit si mtu wa kuomba. Anataka tarehe sita iwe kama zamani, sisi sita na mlango, aseme mwenyewe yote kwa wote, ndipo aende akapasuliwe.

Wiki iliyopita nikawa natafuta maneno ya kumwambia Fachtna. Akaingia kutoka kwa padri, uso unang'aa.

"Mama, kaa kwanza."

"Kuna nini?"

"Nimepata ukumbi wa parokia! Tarehe sita. Wanawake arobaini, nawapikia wote. Padri amefurahi mpaka basi, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi inatoka kwenye jarida la parokia."

"Na vyombo ataosha nani?"

"Ah, hilo dogo. Mtajitolea."

MTAJITOLEA. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye banda la makaa mpaka nikasikia amewasha redio.

Nifanyeje? Nikimkatalia bila sababu, mimi ndiye mwanamke katili anayemnyang'anya mzee wake furaha ya kwanza tangu astaafu, na ninaogopa atarudi kule langoni kutazama malori. Nikimpa sababu, nimevunja kiapo cha mgonjwa. Kit hajui habari za ukumbi. Parokia nzima inanipongeza barabarani kwa kupata mume kama yule, na mimi natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nisaidie kabla sijamfunika sufuria kichwani.

Mama wa Masufuria Kumi na Moja,
Cork Magharibi

*

Mama wa Masufuria,

Majina nimeyabadilisha yote, hata lile ulilodhani umelibadilisha mwenyewe. Masufuria nimeyaacha kama yalivyo, maana nchi hii ina wanaume wengi wa masufuria kumi na moja na hakuna atakayejitambua.

Pole, na hasira yako ni halali. Mwanamume anayepika siku ya wanawake halafu akakaa kichwani mwa meza kungoja makofi hajampumzisha mtu yeyote. Amewapa tu kazi nyingine, ya kumsifu, na kazi ile inachosha kuliko kukaanga. Na hilo "mtajitolea" lake nimelisoma kwa sauti hapa ofisini, mhariri wangu, ambaye ni mume wa mtu, akatazama viatu vyake.

Sasa zamu yako, na usinune. Nimeipitia barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mumeo "sitaki". Hakuna. Alipokualikia wenzako ulikubali. Alipokaa mezani ulimpitishia chumvi. Alipokwambia kesho tutayaosha, ulifunga aproni na kuosha, kisha ukatunza hasira miezi kumi na moja kama keki ya Krismasi, ukiinywesha wiski kidogo kila wiki. Leo unasema kilichokufunga mdomo ni siri ya Kit. Si kweli, mama. Januari hukuwa na siri ya mtu na ulinyamaza vile vile. Unajificha nyuma ya mgonjwa kwa sababu huna ubavu wa kumwambia mwanamume uliyezaa naye watoto watano kwamba kuna saa tatu kwa mwaka humtaki.

Nani kakudanganya kwamba unahitaji sababu? Miaka arobaini na moja ulivaa koti ukatoka, na hakuna aliyekudai maelezo. Hujavunja kiapo cha mtu ukisema siku hii ni yangu.

Kwa hiyo kabla jarida halijachapishwa, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai na redio imezimwa, mwambie hivi: "Fachtna, tarehe sita natoka. Usije, usinipikie, na usiniulize." Atauliza. Mjibu, "Ni siku yangu," halafu nyamaza kweli, usianze kumwomba radhi wala kumsifia nyama. Atanuna mpaka Jumanne. Akitaka kwenda langoni kutazama malori, aende na koti zito. Kustaafu kumemuuma, nakubali, na ninamhurumia, lakini wewe si dawa yake na wenzako watano si dawa yake.

Ukumbi asiufute. Siku hiyo kila nyumba ya parokia yenu itakuwa na mwanamume aliyesimama mbele ya jiko akijiuliza linawashwa wapi. Hao ndio watu wake. Awaite hao wanaume arobaini, awafundishe viazi, awasimulie siagi mpaka wasinzie, na mpishi aoshe pamoja nao. Alisimamia watu maisha yake yote, basi mpe watu wa kusimamia. Mume wa Hannah naye apelekwe huko, nyumba yake ibaki tupu, mkae humo nyie sita. Hoteli si lazima, mlango ndio lazima.

Siri ya Kit usiiguse. Lakini mwambie mara moja, kwa upole, kwamba kaka anayesikia habari za upasuaji wa dada yake barabarani, kutoka kwa mtu baki, hapati nafuu haraka, na kwamba ni vyema amwambie mwenyewe na amwekee masharti, bila jedwali, bila simu kwa daktari. Ukishasema, funga mdomo. Uamuzi ni wake.

Na sasa lililonikera kuliko yote, kuliko hata Fachtna. Masufuria uliyahesabu. Safari za basi za Kit, unaandika, "sijui mara ngapi". Tangu Pasaka unajua, mama! Pasaka mpaka leo ni miezi minane, umeimaliza ukigombana kichwani na mwanamume mwenye aproni, huku wifi yako akienda na kurudi peke yake kwa sababu mnangoja tarehe iliyobarikiwa ndipo mzungumze. Kit alinyimwa meza siku moja, na hilo ni kosa la kaka yake. Siku zilizobaki zote mlango wa jikoni kwake ulikuwepo, na wewe una gari. Ndani yake ndimo ulimoniandikia.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwake. Usipeleke kitu.

Na tarehe tisa usimuulize kama anataka mtu wa kumsindikiza. Atakwambia hapana, amezoea. Gari liache nyumbani, maana atakataa lifti ili asikusumbue. Tafuta basi lake linaondoka saa ngapi, panda kituo cha kabla ya chake, na akiingia akukute umeshakaa, kiti cha pembeni yako kiko wazi.

Shangazi Breda