Chumba Chenye Mlango Wake

Jumamosi, mwezi wa sita. Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu.

Ukungu umeshuka tangu asubuhi na haujaondoka. Nguo nilizofua juzi bado ziko kwenye kamba, mbichi vilevile. Sasa ni saa kumi na moja jioni, na naandika upesi kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea najijua.

Leo baba mkwe wangu ametoka gerezani.

Mnaonisoma siku nyingi mtashangaa, kwa sababu humu mtandaoni niliwahi kuandika kwamba mzee yuko Mbarali analima mpunga. Ndivyo nilivyowaambia hata majirani. Samahanini. Mzee alikuwa ndani miaka mitatu, kwa kumkata jirani yake mkono kwa panga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba la viazi kule Isongole. Jirani alipona, ila vidole viwili havikunjiki tena. Mzee hakukana kosa hata siku moja.

Sisi Wanyakyusa, hasa tuliolelewa na bibi zetu kama mimi niliyekulia Kinyala, tunajua kwamba mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Humtazami usoni, huketi naye chumba kimoja, hulitaji jina lake. Vijana wengi wameacha. Mimi sikuacha. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa namjua mkwe wangu kwa kikohozi chake na kwa mgongo wake.

Mume wangu Ambakisye anaendesha lori la masafa marefu, kwa hiyo wa kwenda gerezani nilikuwa mimi, mara moja kwa mwezi. Pale getini lazima utaje jina la mfungwa. Mimi nilikuwa naliandika kwenye karatasi, nampa askari. Askari wa kwanza alidhani mimi ni bubu. Baadaye wakanizoea, wakiniona tu wanacheka na kuniambia lete karatasi yako. Naacha sabuni na dawa ya meno, naondoka. Chumba cha wageni sikuwahi kukiingia. Wanawake wengine walikuwa wanatoka humo wakifuta macho, mimi nakwenda zangu sokoni.

Nilijiona mwanamke mwenye adabu sana.

Sasa nifike panaponiuma. Oktoba mwaka jana alikuja kwangu dada mmoja wa ustawi wa jamii, mpole, si mtu wa huku. Alinieleza kwamba mzee amekuwa na mwenendo mzuri, kwamba anaweza kufikiriwa amalizie kifungo chake nje, ila ni lazima pawe na mahali pa kuishi na mtu wa kumpokea. Nyumba yake ya Isongole ilishaanguka. Mvua ililaza ukuta mmoja, watu wakabeba mabati. Basi akaniuliza kama sisi tuna chumba.

Tunacho. Kiko uani, kina mlango wake, choo kiko karibu, dirisha linatazama migomba. Mtu anaweza kukaa humo mwaka mzima asipishane na mimi hata mara moja. Nilikuwa nimekijaza mabaki ya vitambaa, cherehani mbovu na magunia ya mkaa.

Nilimwambia mila zetu haziruhusu.

Akauliza tena, kwa upole, kama kweli hakuna namna. Nikamweleza mila kwa kirefu, na nilieleza vizuri, mpaka nikaona anaona haya kwa kuuliza. Akaandika kwenye daftari lake, akanishukuru kwa kumfundisha, akaondoka. Hakuomba kuona uani. Angeomba, sijui ningesema nini.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Mimi nashona sare za harusi na za kwaya. Wanawake wanakaa barazani kwangu wakisubiri kupimwa, na wakikaa wanaongea. Niliwaza mzee anakatiza na nywele zake za gerezani, kisha mmoja wao ananiuliza kumbe mpunga wa Mbarali umeshavunwa. Niliwaza pia vile vidole vya jirani, na siwezi kusema sikuogopa. Lakini iliyozidi ni aibu, pamoja na uvivu wa kuvuruga maisha yangu yaliyotulia. Mila ilikuwa karibu, nikaishika. Ni mila yangu na naipenda, ndiyo maana najiona mbaya zaidi kwa kuifanya pazia.

Na sikuwa sijui. Shangazi yake Ambakisye alishawahi kuniambia, siku tunamenya ndizi, kwamba mkwe akizeeka na hana wa kumtunza, wazee wana namna ya kulegeza mwiko huo. Watu wanaketi, wanasemezana, mambo yanakwisha. Nilikumbuka maneno hayo yule dada akiwa bado ameketi mbele yangu. Baadaye nilipomweleza Ambakisye kwenye simu, alisema mila ni mila. Nilisikia alivyoshusha pumzi. Kwa hiyo tulijificha wawili, ila aliyeulizwa ni mimi.

Mzee akakaa ndani miezi minane zaidi.

Leo Ambakisye ndiye aliyekuwa aende kumpokea, lakini lori limekwama kwenye foleni ya Tunduma. Nikaenda mimi. Nilijifunika kitenge mpaka kichwani, nikasimama ng'ambo ya barabara, uso nimeuelekeza kwenye uzio wa nyumba ya watu. Nikasikia kikohozi. Kikasogea, kikaja kusimama karibu yangu. Nilipochungulia chini pembeni niliona visigino vyake. Mzee alikuwa amenigeuzia mgongo ili nisipate tabu.

Tukasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, watu wazima wawili kando ya barabara, waendesha bodaboda wanatukodolea macho. Na kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanisemesha.

"Mkamwana, yule binti wa ustawi alinisomea ulivyosema," aliniambia. "Mle ndani wenzangu wengi watoto wao waliwakataa. Mimi niliwaambia, mkwe wangu hajanikataa, ameniheshimu. Hata jina langu analiandika tu. Ndaga fijo, mwanangu."

Asante sana, ananishukuru. Mimi.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa fupi: baba, chumba kipo, kina mlango wake. Nikamwambia, "Ndaga, baba." Basi.

Akaniambia kumbe ameshapatiwa mahali. Kanisa moja la Isongole limempa kibanda cha mlinzi kilichoko nyuma ya kanisa, cha mbao. Yule dada wa ustawi ndiye aliyehangaika mpaka kikapatikana, baada ya mimi kumfunza mila. Mwezi huu kule Isongole kukikucha majani yanakuwa meupe kwa baridi. Mzee ana miaka sabini na kitu, na kikohozi kile.

Nilikuwa nimebeba koti la Ambakisye. Nikaliweka juu ya jiwe, nikasogea hatua kadhaa, naye akaja akalichukua. Likampwaya. Akapanda bodaboda akaondoka, na hapo ndipo nilipogeuka kumtazama. Mgongo ni ule ule ninaoujua, ila umepungua sana.

Angenitukana ningepumua. Amekwenda akinisifu.

Nimefika nyumbani sikuvua hata kitenge. Nimetoa mkaa, nimetoa cherehani na mafurushi yote ya vitambaa, nimefagia, nimepiga deki, nimefungua dirisha. Nimeingiza kitanda cha wageni kikaenea. Nilipomaliza nikatazama saa kwenye simu.

Imenichukua dakika arobaini.

Nimekaa kwenye kizingiti cha chumba hicho nikalia kama mtoto, na mteja aliyekuja kuchukua sketi zake amenikuta hivyo. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia baba mkwe wangu ametoka jela. Alikaa chini kando yangu, hakuuliza habari za mpunga. Akaniambia kaka yake alitoka mwaka juzi, na kwamba watu hawa wanapenda uji wa moto asubuhi. Mwanamke niliyemwogopa miaka mitatu ndiye huyo.

Kesho ni Jumapili. Ibada ya Isongole inaanza saa tatu, na shangazi nimeshampigia. Atafuatana na mimi, aseme na wazee kuhusu ule mwiko. Kwenye simu hakunilaumu, aliniuliza tu kwa nini nimechelewa hivi.

Kumwomba mzee aje ndiyo kazi nyepesi. Nzito ni kumwambia, kabla hajafunga mizigo yake, kwamba siku ile sikuwa namheshimu. Moyo wangu unanishawishi ninyamaze, ati yaliyopita yamepita, mzee ana furaha yake, ya nini kuiharibu. Lakini nikinyamaza atakuja kukaa uani kwangu akiwasimulia wageni adabu yangu, na mimi barazani nitakuwa nashona nikimsikia. Siwezi. Nitasimama nimempa mgongo kama inavyotakiwa, na nitasema yote, halafu ataamua mwenyewe kama chumba changu bado anakitaka.

Ufunguo nimeuweka hapa mezani, kando ya simu. Kesho jioni utakuwa mfukoni mwake, au utakuwa hapahapa, na nitajua kwa nini.