Alichosema Shangazi

Jumatatu, 3 Juni
Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu hadi mkono ukauma. Somo la Historia. Nusu ya darasa wameandika jibu moja, neno kwa neno. Kahawa niliyoanika uani nimeigeuza, bado mbichi. Jioni kifurushi kimefika kutoka mjini: kitabu cha Dokta, yule mtafiti wa chuo kikuu, kuhusu falsafa ya msamaha kwa Wahaya. Jina langu limo kwenye shukrani, mstari wa saba. Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika sura ya nne. Sura nzima imesimama juu ya Shangazi Yustina. Dokta ni mtu wa Tanga, Kihaya hajui. Miaka mitano iliyopita nilimfasiria mimi, chumbani kwa Shangazi, Muleba. Kitabuni Shangazi anasema: "Kaka yangu alinikosea, lakini undugu ni mkubwa kuliko ardhi. Nimemsamehe." Kisha kurasa kumi na mbili za nadharia. Kusamehe bila kuombwa. Hekima ya mama wa Kihaya.

Hakusema hivyo. Alisema hajamsamehe, na hata wakikutana mbinguni hatamsalimia. Maneno ya kitabuni niliyatunga mimi palepale, huku nikinywa chai yake.

Jumapili, 9 Juni
Sikusikia neno la mahubiri. Siku zote nimejiambia ilikuwa adabu, kwamba marehemu hasemwi vibaya mbele ya mgeni. Uongo mtupu. Kaka mwenyewe ni baba yangu. Babu alimgawia Shangazi nusu ya kibanja hiki cha Ijuganyondo, shamba na nyumba, kwa mdomo, mbele ya watu wa ukoo. Alipoachika akarudi na watoto wawili, Baba akamfukuza. Leo kibanja chote ni changu. Migomba iliyo mbele ya dirisha hili ni yake. Nilipokuwa nafasiri nilijua. Nilijua vizuri sana.

Jumatano, 12 Juni
Dokta amepiga simu. Kitabu kitazinduliwa Muleba Jumamosi, Shangazi ndiye mgeni wa heshima. Anaomba nifasiri tena, eti Mama Yustina ananiamini. Nimekubali. Kisha nimemkasirikia kutwa nzima. Unaandikaje mioyo ya watu kwa kutegemea mdomo wa mtu mmoja? Daktari wa falsafa.

Mke wangu anasema nimwambie ukweli kabla ya Jumamosi. Nikamuuliza, baada ya ukweli tutahamia wapi? Akaenda kumenya ndizi.

Jumamosi, 15 Juni
Muleba. Ukumbi ulijaa walimu na wazee. Shangazi alikaa mbele, kanga mpya, fimbo mkononi. Dokta akasoma ukurasa wake kwa sauti nzuri. Mimi nikamnong'oneza Shangazi kwa Kihaya kwamba wanamsifu kwa uvumilivu.

Kiswahili hakizungumzi. Lakini neno kusamehe analijua, analisikia kanisani kila wiki. Akaomba kipaza sauti. Akasema kwa Kihaya, taratibu, sentensi tatu. Kaka yangu alininyang'anya kibanja alichonipa baba yetu. Amekufa, sijamsamehe, na sitamsamehe. Anayekaa humo sasa ni huyu mfasiri wenu.

Wahaya wote mle, wote wamesikia. Dokta akanigeukia akitabasamu: "Mwalimu, Mama anasemaje?"

Nikasema: "Anashukuru kwa kitabu, na anawatakia amani."

Hakuna aliyenisahihisha. Hata mmoja. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Dokta alitokwa na machozi.

Nje nilimshika Shangazi mkono ashuke ngazi. Akauondoa. "Baba yako alinifukuza mara moja," akasema. "Wewe umenifukuza mara mbili."

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Nawachukia wote waliokuwa ukumbini kwa adabu yao. Walimlinda nani? Si Shangazi. Najichukia pia, ila chuki hiyo haijanizuia kula.

Jumatatu, 24 Juni
Nimemwandikia Dokta barua. Kurasa mbili. Nimekiri kwamba nilibadilisha maneno, nyumbani kwa Shangazi na ukumbini. Nimeituma kabla sijabadili mawazo.

Jumamosi, 29 Juni
Dokta amejibu. Anashukuru kwa unyoofu wangu, anasema waungwana kama mimi ni wachache. Hoja ya kitabu haitikisiki kwa mtu mmoja. Tena kutosamehe kwa Mama nako ni namna ya kuujadili msamaha. Ataweka tanbihi katika toleo lijalo, na anataka maneno ya Shangazi kamili.

Mvua ndogo asubuhi. Nimeanua kahawa, nimeanika tena. Mke wangu amepika bila kuniuliza kitu. Mchana nimekaa mezani nikamwandikia Dokta maneno ya Shangazi, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kwa uangalifu mkubwa. Nimemwandikia sentensi mbili za kwanza.