Nyuso Hazikai Kwangu

Jumamosi, 4 Mei

Nimemharibia mdogo wangu siku. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Alikuwa afike leo kwa basi la mchana. Miaka sita hatujaonana – sauti tu kwenye simu. Ndoa imevunjika, duka limefungwa, anarudi kuanza upya. Nilimwambia asihangaike, nitakuja kumpokea. Tangu asubuhi nimejifunga kibwebwe: nimefagia chumba, nimebadilisha shuka, nimemwachia upande mzima wa kabati. Upande wenyewe huo, mtupu, mlango wazi.

Kituoni watu kama siafu. Nilikuwa namtafuta mnene mwenye nywele ndefu, maana ndivyo alivyoondoka. Kwenye benchi amekaa mwanamke mwembamba, kilemba kichwani, begi moja miguuni. Nikampita. Nikarudi. Akaniinulia uso, akatabasamu. Na mimi, zuzu, nikamrudishia tabasamu la mtu na mpita njia, nikamuuliza: "Samahani dada, basi la mchana limeshafika?"

Tabasamu likamwisha. Akatikisa kichwa tu. Angesema neno moja tu! Sauti yake ningeijua hata katikati ya soko. Nikamshukuru – nikamshukuru! – nikaendelea kutafuta. Nilizunguka mpaka kituo kikabaki na wafagiaji. Ndipo shangazi akapiga simu: mdogo wako yuko kwangu, analia, anasema umemkana mbele za watu.

Chakula nilichompikia nimekifunika. Sina hamu nacho.

Jumapili, 5 Mei

Simu hapokei. Meseji anasoma, hajibu. Msemaji wake sasa ni shangazi, na shangazi akipewa usemaji haachi kitu. Eti angeshuka na masanduku ningemjua. Kwa kuwa karudi mikono mitupu, nimemwonea aibu. Nikasema haki ya Mungu sikumjua. Akauliza, mtu asimjue mdogo wake wa tumbo moja?

Ukweli ni huu, na sijawahi kuuandika hata humu. Nyuso hazikai kwangu. Tangu utoto. Naona macho, naona pua, naona mdomo, kila kimoja vizuri kabisa. Mtu akigeuka, ameondoka navyo vyote. Marehemu mama alidhani ni dharau. Shuleni wakanipa jina Maringo, kwa sababu nawapita watu bila salamu, na jina likanifuata mpaka saluni ninakosuka watu. Nikalivaa. Afadhali waseme naringa kuliko waseme kichwa changu kibovu.

Naishi kwa sauti, kwa miendo, kwa viatu, kwa vikohozi. Na kwa vichwa! Kichwa kikishapita mikononi mwangu hakinipotei tena. Na cha kwanza kabisa kilikuwa chake yeye. Nilijifunzia kusuka kwenye kichwa cha mdogo wangu, amekaa chini, mabega yake katikati ya magoti yangu, analalamika tangu mstari wa kwanza: "Dada, unabana." Kichwa kigumu kile! Utosini nywele zinazunguka sehemu mbili, zinavutana. Mstari wa moja kwa moja haukai. Ilibidi nibuni njia yangu: naanzia kushoto, nauzungusha mzunguko wa kwanza, ndipo nauingia wa pili kwa nyuma. Hakuna aliyenifundisha. Na sijamsuka mtu mwingine hivyo, maana sijakutana na kichwa kama hicho tena.

Jumanne, 7 Mei

Leo nilikuwa na mwalimu wa Kiingereza, mteja wangu wa siku nyingi. Huyu akija husahihisha kazi za wanafunzi huku namsuka, kalamu nyekundu mkononi, na makosa mazuri hunisomea. Leo darasa lilitakiwa kueleza neno moja: recognition. Neno refu kama treni. Mmoja kaandika ni kumjua mtu ukimwona. Mwingine, ni kumpa mtu sifa yake kwa kazi aliyofanya. Wa tatu, ni pale nchi inapoikubali nyingine kuwa nayo ni nchi. Nikamuuliza nani kakosea. Akasema hakuna, wote wamepata, Waingereza wanalitumia lile lile kote huko.

Mikono ikasimama. Nikaona mdogo wangu kanyimwa yote matatu kwa siku moja. Sikumjua. Sikumpa heshima yake, mtu aliyehangaika miaka sita peke yake. Na sikumkubali kuwa nchi – nimemuuliza habari za basi!

Nikalipasua jipu. Nikamwambia mwalimu kila kitu, pale pale, kitana mkononi. Mtu wa kwanza duniani kumwambia. Hakucheka. Akasema amewahi kusoma habari hizo, wapo watu wengi wa namna yangu, madaktari wanalijua jambo hilo na wana jina lake. Wengi! Na mimi siku zote najiona peke yangu. Akauliza yeye namjuaje. Nikamgusa nyuma ya sikio, pale penye nywele laini kama za mtoto. Kisha akasema: waambie wote, kuanzia nyumbani.

Nitawaambia. Jina la Maringo nimelichoka.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepiga moyo konde, nimeanza na saluni.

Mwenzangu wa kiti cha pili alicheka mpaka akashika sinki. Alipomaliza akauliza, kwa hiyo mimi unanijuaje siku zote hizi? Nikamwambia kandambili zako, ya kulia inapiga kelele. Akaziangalia kama kamfumania mtu. Baadaye nikamwona anatembea huku na huko, anaisikiliza.

Mwenye saluni ndiye niliyemwogopa. Yeye ni wa wateja kwanza, mengine baadaye. Alinisikiliza mikono kiunoni, akasema ndiyo maana mama mkwe wake alikuja hapa nikamkaribisha kama mgeni, na nyumbani ikawa vita. Nikaomba radhi. Akasema macho yangu hayamhusu, mikono ndiyo aliyoiajiri. Kisha wakapanga wenyewe: mteja akiingia, mwenzangu atakuwa ananinong'oneza. Huyo wa duka la dawa. Huyo mama mapacha. Leo nimesalimia watu kwa majina yao mchana kutwa! Mama mapacha alishtuka mpaka akauliza kama nimeokoka.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Ningejua! Lakini hawa si yeye. Kwake sijafika.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kwa shangazi. Bora nisingekwenda – hapana, nafuta. Nilifanya vizuri kwenda.

Mlangoni walikaa wanawake watatu wanachambua mboga. Waliponiona wakanyamaza wote. Viatu wamevua. Vilemba wamefunga wote watatu. Nimeishiwa. Nikatafuta mwembamba, wembamba walikuwa wawili. Nikajiambia moyo utajua. Moyo gani! Nikamrukia wa katikati, nikamkumbatia kwa nguvu zote, nikamwambia nisamehe mdogo wangu.

Jirani. Jirani wa shangazi, kisu cha mboga mkononi, maskini, hajui aniache au anipigepige mgongoni.

Yule wa pembeni akainuka, akaingia ndani. Nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu arudi, nyuma ya pazia la mlango: "Mwambieni aende. Ameshanikana mara mbili."

Sikwenda. Shangazi alinishika mkono nikautoa, kwa adabu lakini nikautoa. Nikasimama mbele ya lile pazia nikasema yote. Jirani yupo, shangazi yupo, wasikie. Nikasema: "Uso wako sina. Sijawahi kuwa nao, hata tulipolala kitanda kimoja. Wa mama pia sikuwa nao. Nipe kichwa chako, nitakujua gizani."

Pazia halikutikisika. Shangazi akaniambia nenda, mama, mwache apumue. Alisema "mama". Tangu jambo hili lianze hajaniita hivyo.

Nimelia njia nzima, sifichi. Lakini Jumapili ijayo narudi. Na inayofuata. Wataniona mpaka wanizoee.

Jumatano, 15 Mei

Kimya. Nimempigia shangazi, anasema mdogo wangu anakula, analala, haongei. Aliuliza jambo moja tu: kama ni kweli nimewaambia na watu wa kazini. Shangazi akampa namba ya saluni, eti aulize mwenyewe.

Nguo zangu zimejaa kwenye kiti. Upande wake wa kabati sitii kitu.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika nimesimama, nyuma ya pazia la stoo. Nimesema naja kuchukua uzi. Uzi ninao mfukoni.

Kuna mteja kwenye kiti changu. Ameletwa na mwenzangu, akaniambia huyu anaumwa jino, hawezi kuongea, anataka ule mtindo wa kwenye picha. Na hakuninong'oneza jina. Wiki nzima ananinong'oneza mpaka mate yananiingia sikioni, leo kimya, anajifanya anakunja taulo. Nikadhani mgeni. Mteja akanitazama kwenye kioo. Akanitazama sana. Nikampa tabasamu la wateja, nikamfungua kilemba.

Nywele fupi, kavu, za mtu asiyejitazama siku nyingi. Nikaanza kuchana. Mbele hakuna neno. Nikafika utosini, kitana kikageuka chenyewe kikaenda kushoto. Nikakirudisha. Kikageuka tena, safari hii kulia. Nikaweka kitana chini, nikatia vidole.

Mizunguko miwili. Inavutana.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumgeuza kiti nimkumbatie, yeye kweli, si jirani. Nikajizuia. Nikisema sasa hivi, atadhani nimenong'onezwa. Mwenzangu amesimama pale pale, na mdomo wake unajulikana mtaa mzima. Hakuja hapa kuambiwa jina lake. Amekuja kuona kama nilisema kweli.

Basi sikusema. Picha nimeigeuza ukutani. Nimegawa nywele kushoto, nimeuzungusha mzunguko wa kwanza, nimeuingia wa pili kwa nyuma. Njia yangu ile. Mikono iliijua kuliko mimi, imekwenda bila kuulizwa. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nilipoufunga, mteja akapeleka mkono kichwani. Akaupapasa mstari kuanzia kushoto, taratibu, akafuata kona zote mpaka nyuma. Mkono ukafika mwisho ukabaki hapo hapo. Kwenye kioo mwenzangu kageuka kaangalia dirishani. Mteja nimemwona mabega tu. Mabega hayo nayajua yakiwa katikati ya magoti yangu.

Nikasema ngoja nilete uzi. Nikakimbilia huku.

Nikirudi nitasema nini? Nimalize kwanza? Nusu ya kichwa iko wazi. Nipige magoti? Wateja wamejaa. Sijali wateja. Mstari wa nne nitaupinda, najua.

Huko nje kimya. Hata draya wamezima. Na sasa hivi, nikiwa naandika neno hili, sauti imetoka kwenye kiti changu, si ya mtu wa jino:

"Dada, unabana."

Hakusema kwa upole. Lakini kiti sijasikia kikisogea. Bado amekaa, ananisubiri nirudi.